Mama kaibiwa kwa simu, kaka anataka kumpokonya

*Somo, assalaam aleykum. Mama yangu ana miaka 74, yuko Wete, mimi niko Mwanakwerekwe. Mwezi uliopita alipigiwa simu na kijana, akamtaja jina lake kamili, akajidai katoka kampuni ya simu: laini itafungwa jioni ile kwa sababu haikuhakikiwa. Asikate, afuate maelekezo, na asimwambie mtu kwa kuwa ni siri ya mteja. Zikaondoka 380,000, fedha zake za karafuu. Alikaa na jambo hili siku tatu; tulijua alipokwenda kwa jirani kuomba unga.*

*Wiki mbili kabla, walikuja vijana wawili na daftari, wanaandikisha wazee watakaopewa futari kutoka Uarabuni. Walimpiga picha kitambulisho, wakachukua namba yake ya simu na 5,000 ya fomu.*

*Sasa mama hakai tena barazani, simu ikilia anashtuka. Kaka anataka kumpokonya. Mimi sitaki, lakini sina la kumjibu, ingawa yeye mwenyewe mwaka jana kauziwa simu Darajani, kufika nyumbani kufungua boksi, kipande cha sabuni. Nifanyeje?*

*Mtoto wa pili*

Waaleykumu salaam, mwanangu.

Katika barua yako kuna maneno mawili yaliyoniuma kuliko hizo laki tatu na themanini: siku tatu. Mtu mzima, mwenye mikarafuu yake, kaona bora akaombe unga kwa jirani kuliko kuwaambia wanawe. Yule kijana alisema "usimwambie mtu", akakata simu akenda zake. Aliyebaki kumlindia siri yake ni aibu ya mama yako. Hilo nitalirudia, lakini kwanza yale ya leo.

Mwezi ukishapita, fedha kurudi ni shida, sikudanganyi. Wezi hawa hawalali na fedha kwenye laini; huzitoa kwa wakala au huzirusha kwengine papo hapo. Angelisema dakika ile ile, mkapiga 100 ya mtandao wake, huenda zingezuiwa njiani. Hata hivyo ile namba iliyompigia itumeni kwa meseji kwenda 15040, ndiko Mamlaka ya Mawasiliano inakopokea taarifa za matapeli. Polisi nendeni na simu yenyewe, ujumbe wa muamala usifutwe. Na sheha, yule kiongozi wa serikali hapo mtaani, aambiwe, maana watu wa daftari hawaji mtaani kwa ajili ya nyumba moja.

Kisha bonyeza *106# kwenye simu ya mama uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Nakwambia hivi kwa sababu nimekaa chini ya mwavuli wa vijana wa laini nikamtazama bibi mmoja akisajiliwa. "Bibi, kidole hakijasoma, weka tena." Akaweka. "Weka tena." Akaweka, na kumwombea dua kijana kwa usumbufu. Hakujua, wala mimi siku ile sikujua, kwamba kidole cha pili huenda kilikwishasajili laini ya mtu mwengine. Mkiona namba msiyoijua, nendeni duka la kampuni ifungwe.

Na wewe mwenyewe, mwanangu, umeandika visa viwili kama havijuani. Watu wamekuja wakachukua jina, umri na namba ya simu. Wiki mbili baadaye anapiga mtu anayelijua jina kamili. Siwezi kuapa kuwa ni genge moja, lakini ningekuwa wewe ningeishi kama ni moja, kwa sababu hiyo orodha bado wanayo. Anayeujua umri wa mzee anajua pia kuwa mzee huyo anapata pencheni jamii, ile ya kila Mzanzibari aliyetimiza miaka 70, iliyoanza mwaka 2016 kwa 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000. Simu ijayo basi yaweza kuwa hii: "Mama, pencheni yako imesimama, nisomee namba iliyoingia kwenye meseji tukuhakiki." Mtayarishe kwa hiyo mapema. Au itakuja ile ya kujifanya kakosea: inaingia meseji kwamba amepokea laki moja, halafu mtu analia, "Mama, nimekosea namba, ni fedha za mgonjwa, nirudishie." Meseji ile imeandikwa na mwizi kwa mkono wake na imetoka kwenye namba ya kawaida. Mama aangalie salio kwanza. Kama kweli mtu kakosea, huyo aliyetuma ndiye wa kupiga simu kampuni yake irejeshwe. Mama hana kazi ya kurudisha kitu.

Sasa hebu inua kasha la simu yake, kile kitochi, utazame nyuma ya betri. Nadhani utakuta karatasi imekunjwa, ina tarakimu nne. Wazee wetu wengi wanaweka namba ya siri hapo, au anayo mjukuu, au anayo yule kijana wa kibanda cha uwakala anayepewa simu na kuambiwa "nitolee elfu kumi, mwanangu, namba unaijua." Simsingizii kijana, labda ni mwaminifu kuliko mimi. Lakini siri ya watu watano si siri tena. Zamani fedha zilifungwa pindoni mwa kanga, na mwizi ilimbidi aje mwenyewe na mkono wake. Ibadilisheni namba hiyo akiwa amekaa yeye mwenyewe na simu mkononi, achague tarakimu anazoweza kuzikumbuka, isiwe mwaka wake wa kuzaliwa maana umo kwenye kile kitambulisho kilichopigwa picha.

Kuhusu kaka yako. Hofu yake naielewa, lakini simu ile ndiyo inayomfanya mama asikie sauti za wajukuu walioko Unguja na Maskati. Ukimpokonya umemfunga, na umemthibitishia kile anachokiogopa: kwamba amekwisha, hana akili tena ya kushika chake. Na mara nyengine akiibiwa, maana wezi wa mlangoni hawahitaji simu, hamtaambiwa kabisa. Ikiwa kaka anataka kufanya jambo la maana, mama awe na laini mbili kwenye simu mbili. Ya kwanza ni hii hii inayojulikana na dunia nzima, ya kusalimiana, isibaki na fedha ndani. Ya pili ya fedha, namba yake waijue watoto na pencheni tu, ikae chumbani kabatini, haina ruhusa ya kutoka na mkoba. Kaka anunue hicho kitochi cha pili, dukani safari hii.

Kwa wanaobisha hodi, mama kwao Pemba, haiwezekani kumwambia asimkaribishe mgeni. Atakuona wewe ndiye mwenye kasoro. Basi akaribishwe kibarazani, apewe maji, asiingie ukumbini. Swali la kwanza liwe, "Umepita kwa sheha?" Mwenye kazi ya kweli, awe wa mita, wa maji au wa kuandikisha, hatakasirika kuulizwa hivyo, atatoa barua yake au atasema ngoja nikamlete. Mwongo ndiye atakayeharakisha, gari linamngoja. Na sadaka haina ada ya fomu. Anayekupa futari halafu anataka elfu tano yako, nani anamfuturisha nani?

Mimi nimewahi kununua asali mlangoni kwa mtu aliyeapa imetoka msituni Ngezi, tena nikaionja kwa kidole nikamsifu. Ilikuwa sukari iliyochemshwa. Nilimaliza chupa kimya kimya, nikiweka kwenye chai, nisije nikaulizwa na watu wa nyumbani. Kwa hiyo siku tatu za mama yako nazijua.

Mpe sentensi moja ya kujibu, fupi, isiyomvunjia adabu yake, kwa sababu tabu ya wazee wetu ni kwamba kumkatia mtu simu wanaona ni utovu wa heshima, na hawa vijana wanaitumia adabu hiyo kama ngazi. Aseme: "Mwanangu, fedha zangu anazo binti yangu, mpigie yeye." Halafu akate. Ifanyieni mazoezi, mpigie wewe ujidai tapeli, umbembeleze, umtishe, mpaka azoee kukata bila kuomba radhi. Na kwa wale watakaojifanya mjukuu kapata ajali, kalazwa, sauti imebadilika kwa maumivu, wekeni swali ambalo jibu lake haliko kwenye daftari la mtu. Mti gani ulianguka juu ya banda la jiko? Kuku wa bibi aliyekuwa kipofu alikuwa rangi gani? Akishindwa kujibu, mama akate, ampigie mjukuu kwa namba aliyonayo yeye.

Ukipata nafasi panda boti uende, mambo haya hayazungumziki vizuri kwa simu na simu yenyewe ndiyo anayoiogopa. Nenda na kaka yako. Usiku wa kwanza msiguse habari ya laki tatu na themanini hata kidogo. Kuleni, chai iandikwe, mkae barazani mama akiwa kati, na huyo kaka aanze yeye: amsimulie mama ile siku ya Darajani, bei aliyotoa, alivyolikumbatia boksi kwenye daladala njia nzima asiibiwe, na ile sabuni ilikuwa ya kufulia au ya kuogea.