Una mawe ya mara 90 halafu unataka kuvuta usiku huu? Weka simu chini

Mkuu wa Bagamoyo, salamu baadaye. Kwa wasiojua: huu ni mchezo wa simu, mawe ni sarafu yake, kuvuta ni kuchezesha bahati upate mhusika, na bango ni ofa ya mhusika fulani kwa siku chache. Nimesoma swali lako mpaka pale uliposema "nina mawe ya kuvuta mara 90, bango linaisha leo saa 23:59, naingia nayo yote usiku", nikaacha kahawa yangu hapa Barabara ya 12, Tanga, ikapoa. USIVUTE. Hayo mengine uliyouliza nitayagusa nikiyakumbuka.

Kwanza hiyo saa. 23:59 ni ya Japani, na Japani wametutangulia saa sita. Kwetu bango linafungwa saa kumi na moja na dakika 59 jioni, kabla hata muadhini wa magharibi hajakohoa. Unajua nimejifunzaje? Kwa laki nne na nusu. Ada ya chuo kabisa hiyo.

Jina la mchezo silirudii, moderata asije akatufungia uzi, lakini ni huo huo wako. Mwaka jana nilikaa miezi minne nakusanya mawe ya bure. Kazi za kila siku, matukio, kuamka alfajiri kuchukua zawadi ya kuingia, mpaka jirani akadhani nimeanza kuswali tahajudi. Nikafika mara 80. Likatoka bango la yule jemadari wa kike mwenye pembe na kovu shavuni, nafasi ya kumpata 1% kwa kila mvuto, dari mara 200. Dari maana yake ukifika hapo unapewa huyo mhusika hata kama una nuksi. Wajapani wenyewe ndivyo wanavyoiita, tenjō, dari.

Nikamuuliza admini wa grupu letu la Telegram, mtu anayejiita gwiji, video kila siku. Akaniambia, "1% ukivuta mara 100 lazima umpate, hesabu ya darasa la tano hiyo." Darasa la tano alilosoma yeye sijui lilikuwa chini ya mwembe gani. Kila mvuto unaanza upya, mashine haikumbuki kwamba umekosa mara 99. Kukosa ni 0.99, sasa izidishe yenyewe kwa yenyewe mara 100, inabaki kama 0.37. Yaani tukikaa watu 100 kila mmoja akavuta mara 100, 37 tunarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hizo 90 zako ni karibu 40. Ukitaka kujua upo kundi gani, angalia historia yako ya kushinda bahati nasibu.

Nikavuta 80. Patupu. Sasa hapo ndipo akili inapohama, maana unajiambia "nimebakiza 120 tu, nikiacha nimepoteza zote." Mvuto wa mara kumi ulikuwa kama elfu hamsini. Nikaweka laki tatu, mara 60 nyingine. Patupu tena, isipokuwa yule mhusika mpiga kinanda ambaye nilishampata mara nne, simpendi wala hanipendi. Nipo 140, zimebaki 60, sina hata mia.

Lakini nilikuwa na mchezo. Mchezo ule wa kupeana, na siku hiyo ilikuwa zamu yangu, laki nne. Pesa hiyo ilikuwa na kazi yake: chumba cha mama kule Makorora, mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Nikasema nikope humo laki tatu kwa ajili ya jemadari, nitarudisha mwisho wa mwezi. Ndiyo, najua. Pesa ya mchezo ikaenda kwenye mchezo, dari ya simu kwanza, dari ya mama baadaye. Mcheke tu, mke wangu alishacheka, ingawa si kwa furaha.

Nikamuuliza tena gwiji: linaisha saa ngapi? "23:59 mkuu, tulia." Nikatulia. Mweka hazina alileta hela baada ya isha. Nikafungua mchezo saa mbili na robo usiku, bango halipo. Limeshaondoka, wala halikuaga. Waja leo waondoka leo, ila sisi Tanga angalau mgeni anakunywa chai kwanza.

Na zile 140? Hazihamii bango jipya. Hesabu inarudi sifuri, unapewa vipande vya kubadilishia dawa za nguvu. Michezo mingine inahamisha, Genshin Impact kwa mfano inakuhifadhia hesabu hadi bango lijalo la aina ile ile, ndiyo maana watu wanachanganya. Huu wetu hauhamishi, imeandikwa kwenye maelezo ya bango, chini kabisa, herufi kama za karatasi ya dawa. Kwa hasira nikaweka laki na nusu kwenye bango jipya, la mtu nisiyemtaka hata. Mara 30. Hapo simlaumu gwiji, ule ulikuwa ujinga wangu halali.

Nilipomfuata kulalamika alisema, "kwani hukujua saa za Japani?" Akanitoa kwenye grupu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: huna mawe ya kufika dari, usivute hata mara moja. Hata ile ya mara kumi "ya kujaribu". Hata kama umeota. Mnadhani dari liliwekwa kwa huruma? Mchezo wa Kijapani wa Granblue Fantasy haukuwa nalo mpaka watu walipomwaga pesa na kupiga kelele mwaka 2016, ndipo likawekwa, mara 300. Mara mia tatu, ndugu yangu, ndiyo nafuu hiyo.

Ulichouliza kuhusu mambo ya kikubwa yaliyomo kwenye mchezo: ni picha zilizotulia, sauti na maandishi, zinafunguka ukipandisha ukaribu na mhusika. Mwezi wa kwanza unafunga mlango, mwezi wa pili unabonyeza kuruka ili uchukue mawe ya zawadi. Wachezaji wengi wanaobaki wanabaki kwa hadithi, sura ya sita ile ya kuzingirwa kwa mji ni nzuri kweli. Mapigano yanajiendesha, mimi huwa nayaacha naenda dukani. Simu yangu RAM 4 na inachemka kama pasi ya mkaa.

Hivi sasa nina mawe ya mara 163. Jemadari karudi juzi, bango lake liko pale pale mwanzo, kila nikifungua ananiangalia. Zimebaki siku nne, mawe ya bure yatanifikisha kama 171. Sijagusa.