Kwa Vijana Mnaoanza Kazi ya Reli Mbeya

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na waajiriwa wapya wanaopangiwa stesheni ya Mbeya hupenda kuanza kwa kukariri ratiba ya treni. Ushauri wangu ni kwamba ratiba isubiri kidogo. Anzeni na njia yenyewe, ilikopita na sababu ya kupita huko, kwa kuwa mengi mtakayoulizwa na abiria au wateja wa mizigo majibu yake yamo humo.

TAZARA, yaani reli yetu ya Tanzania na Zambia inayotoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976. Lengo kubwa lilikuwa kuipatia Zambia njia ya kufikisha shaba yake bandari ya Dar es Salaam bila kupitia Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako serikali ya walowezi ilikuwa imejitangazia uhuru mwaka 1965. Ndiyo maana upana wa reli yetu ulifuata ule wa Zambia na nchi za kusini, yaani milimita 1,067, ilhali Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Mfanyabiashara anayetaka kupeleka mahindi Tabora atawauliza kwa nini behewa lake lisiende moja kwa moja. Mwelezeni kwa upole kwamba reli hizo mbili hukutana Kidatu, na huko mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine.

Mlima unahitaji muda wenu zaidi. Kati ya kilomita 1,860 za njia nzima, 975 ziko Tanzania, na ngumu kuliko zote ni zile za kutoka Mlimba hadi Makambako, ambako treni huacha bonde la Kilombero na kupanda kwa mahandaki na madaraja yanayofuatana, likiwemo daraja la Mto Mpanga lenye kimo cha meta 50 hivi. Kipande hicho kiliwatesa wajenzi, na bado kinawatesa waendeshaji, hasa msimu wa mvua maji yanapolegeza udongo wa kingo. Wageni wengi hudhani kwamba Makambako ndio mwisho wa kupanda. Sivyo: njia huteremka hadi Usangu, ikapita Rujewa, Chimala na Igurusi, kisha hupanda tena hadi Uyole, karibu meta 1,790 juu ya usawa wa bahari, ambako ndiko juu kuliko kote kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Uzito ambao kichwa kimoja cha treni kinaruhusiwa kuvuta hukadiriwa kwa miinuko hiyo, wala si kwa tambarare ya Usangu, na mteja anayelalamika kwamba mabehewa yake yamegawanywa anastahili kuelezwa hivyo badala ya kuambiwa tu kwamba ni utaratibu.

Reli ni moja, na treni hupishana penye njia ya pili stesheni. Treni ya mizigo ikikwama Chimala, ya abiria inayotoka Makambako itasubiri nyuma yake, hata kama haina hitilafu yoyote. Kwa hiyo msimtajie abiria saa ya kufika kwa kusoma ubaoni. Ulizeni kwanza kwa waongozaji wa treni, na kama nao hawajapata taarifa, semeni hivyo. Abiria wa huku ni wavumilivu, ila hawapendi kudanganywa.

Kuhusu saa zenyewe, Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja: ikiwa saa nane mchana Tunduma, ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ni saa saba. Ratiba nayo huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo mama aliyebeba ndizi zake kutoka Rungwe akiona 14:00 huenda asielewe haraka. Mnapomwandikia mtu muda kwenye karatasi, andikeni 14:00, kando yake saa nane mchana, na kama anavuka mpaka, mtajieni ni saa ya nchi ipi.