Mkataba unasema "dereva atafuata maelekezo ya timu": asaini, au ndo kupanga matokeo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwanangu anaendesha magari ya mbio, na sasa kuna timu imempa mkataba wa dereva wa pili. Kuna kifungu kinasema dereva "atafuata maelekezo ya timu wakati wote wa mashindano". Ndugu zangu wanasema hiyo ni kupanga matokeo, asisaini kabisa. Mshauri mmoja wa mtandaoni yeye anasema asaini tu, siku akiambiwa ampishe mwenzake ajifanye redio ya kuongea na timu imekata, hakuna atakayejua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mzazi. Asaini, ila hicho kifungu kiandikwe upya kwanza, nitakuonyesha wapi. Lakini niache nimalizane na huyo wa redio, manake sisi tunaokaa chumba cha wasimamizi wa mbio huu ushauri tunakutana nao kila msimu na kila msimu kuna kijana unamponza.

Gari la mbio halina siri. Redio inarekodiwa. Kanyagio la mafuta, breki, usukani, kila kitufe alichobonyeza, vyote vinaonekana kwenye data na muda wake kabisa. Injinia akihisi dereva anajifanya hasikii, anamwambia abadilishe seti fulani kwenye usukani kwa faida yake mwenyewe, akishaibadilisha tu basi kasikia, kesi imeisha. Na hata redio ikifa kweli lipo bango la ukutani, anaonyeshwa kila mzunguko anapopita mbele ya timu yake. Sa hapo atasema na macho nayo yalikata?

Na uongo unaumiza kuliko kosa lenyewe. Chukua Formula 1, mbio za magari za juu kabisa duniani. Australia 2009, wakati gari la usalama liko mbele (lile linaloongoza wote polepole kukiwa na hatari njiani, na kupitana hakuruhusiwi), dereva Trulli alitoka nje ya njia, Hamilton wa McLaren akampita, na kwa kuwa Trulli alishatoka njiani, kumpita kwenyewe hakukuwa na shida yoyote. Timu yake ikaingiwa na wasiwasi ikamwambia arudishe nafasi. Baadaye kwa wasimamizi yeye na mkuu mmoja wa timu wakasema hakukuwa na maelekezo ya kumpisha Trulli. Rekodi ya redio ikasema vingine. Hamilton, ambaye alikuwa ameshapandishwa nafasi ya tatu, akafutwa kwenye matokeo yote ya mbio ile, na yule mkuu akasimamishwa kazi. Kosa la barabarani halikuwepo! Kilichowamaliza ni mdomo.

Anayetaka kukataa amri akatae wazi. Webber alifanya hivyo Silverstone 2011, aliambiwa abaki nyuma ya Vettel, mwenzake wa timu, akaendelea kumshambulia mpaka mwisho, na mbele ya waandishi akasema wazi kwamba aliipuuza timu. Verstappen Brazil 2022 aligoma kumrudishia mwenzake Perez nafasi na akasema hapohapo redioni kwamba ana sababu zake na alishazisema. Unaweza usipende walichofanya (cha Verstappen mimi sikukipenda, Perez alikuwa anatafuta nafasi ya pili ya msimu na Verstappen mwenyewe ubingwa alishauchukua) lakini hakuna aliyedanganya mtu, timu ilijua inashughulika na nini, na sisi hatukuwa na la kuuliza.

Haya, sasa kupanga matokeo. Wenye hoja hii wengi wanaangalia magari yote njiani wanaona watu wanaoshindana kila mtu kivyake. Sivyo mbio zilivyo. Timu ina magari mawili, kuna ubingwa wa dereva na kuna ubingwa wa timu, na kwenye Formula 1 nafasi ya timu mwisho wa msimu ndo inaamua kiasi kikubwa cha pesa inayopata. Kusaidiana ndani ya timu kumekuwepo tangu zamani. Monza 1956 Peter Collins, naye akiwa bado na nafasi ya ubingwa, alishuka kwenye gari lake akampa Fangio, mwenzake wa timu, sheria za wakati ule ziliruhusu, na Fangio akachukua taji. Mpaka leo watu wanamsifu Collins kwa uungwana. Kupanga matokeo ni pale matokeo yanapouzwa au kupikwa kwa kificho ili wanaoshindana na wewe na wanaotazama wadanganyike. Dereva kumpisha mwenzake wa timu moja mchana kweupe, redio ikisikika dunia nzima, ni kitu kingine kabisa.

Ila kinachonichosha zaidi ni watu wanaosema "ipigwe marufuku tu, yaishe". Jamani, ilishapigwa! Austria 2002 Barrichello aliongoza, akaambiwa amwachie Schumacher, mwenzake wa Ferrari, akamwachia mita za mwisho kabisa kabla ya mstari, tofauti sekunde 0.182. Watazamaji wakazomea. Ferrari wakapigwa faini ya dola milioni 1, na soma vizuri hapa kwa sababu karibu kila mtu anakosea: faini haikuwa ya kupishana, manake sheria haikukataza, ilikuwa ya kuvuruga utaratibu wa podiamu (jukwaa la washindi) baada ya Schumacher kumpandisha Barrichello ngazi ya juu. Nusu yake ikasimamishwa. Ndipo ikaja marufuku, kuanzia 2003: hakuna amri ya timu inayoingilia matokeo.

Ikawaje? Amri hazikuisha, zilianza kuvaa nguo nyingine. Wa mbele anaambiwa apunguze matumizi ya mafuta, apoze injini, achunge tairi. Sa wewe msimamizi utathibitishaje kwamba injini haikuwa ya moto? Timu haihitaji hata kuongea, inaweza kumuita piti (pale timu inapobadilisha tairi) mmoja kabla ya mwingine, tairi mpya zinampa kasi, mwenzake akitoka piti anamkuta mbele. Hiyo ni amri ya timu iliyokamilika na hakuna neno lililosemwa. Hockenheim 2010 Massa wa Ferrari alikuwa anaongoza, mwaka mmoja kamili tangu ajali iliyokaribia kumuua Hungary, akasikia injinia wake akimwambia polepole: Fernando ana kasi kuliko wewe, unaweza kuthibitisha umeelewa? Fernando Alonso, mwenzake wa timu, akapita. Kila mtu alielewa, ila Ferrari wakasema hiyo ilikuwa taarifa tu. Faini dola 100,000, matokeo yakabaki, na kuanzia 2011 kile kifungu kikaondolewa kwa sababu kilikuwa kinawafundisha watu wazima kudanganya.

Na kitu ambacho wenye hoja ya marufuku hawakigusi kabisa: amri chafu kuliko zote zilizowahi kutoka Formula 1 ilitoka ndani ya miaka ileile ya marufuku. Singapore 2008, Alonso wa Renault aliingia piti mapema sana, mzunguko wa 12, mbio zikiwa bado mbichi. Mzunguko wa 14 mwenzake Nelson Piquet Jr. akagonga ukuta, gari la usalama likatoka, wengine wakakimbilia piti, Alonso ambaye yeye alishaingia akajikuta pazuri na akashinda. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba Piquet aligonga kwa makusudi, ilipangwa kabla ya mbio. Hapo kuna dereva aliyehatarisha mwili wake, kuna vipande vya gari njiani, kuna wahudumu wa njia waliokwenda kuvitoa, na kuna madereva wa timu nyingine waliopoteza mbio yao kwa uongo. Briatore na Symonds, viongozi wa Renault, walifungiwa (mahakama ya Ufaransa ikatengua adhabu hizo 2010, lakini tukio lenyewe hakuna anayebisha). DTM nako, mbio za magari za Ujerumani, 2015 pale Spielberg, redio ya Audi ilisikika ikimwambia dereva wao Timo Scheider amsukume mtu nje, na magari mawili ya Mercedes yakatolewa njiani kweli. Audi faini euro 200,000.

Mstari ninaouangalia mimi uko hapo. Unapishana na mwenzako wa timu, hiyo ni biashara yenu na mashabiki wenu, wakizomea mvumilie. Ukimgusa asiyekuwa wa timu yako, ukivunja sheria ya njiani au ukidanganya wasimamizi, hapo timu haina mamlaka ya kumwamrisha mtu yeyote, hata awe dereva wa tatu wa akiba.

Sitakuficha kwamba kuna kesi ngumu. Monza 2025, McLaren walichelewa kumbadilishia Norris tairi, mwenzake Piastri akawa mbele yake, timu ikamwambia Piastri arudishe nafasi ya pili. Piastri akalalamika redioni kwamba walishakubaliana piti ya polepole ni sehemu ya mbio, halafu akarudisha. Tofauti ya nafasi ya pili na ya tatu ni pointi 3 tu. Mwisho wa msimu Norris akawa bingwa kwa pointi 2 juu ya Verstappen. Piga hesabu mwenyewe. Kwangu mimi amri ile ilikuwa mbaya, si kwa sababu walipishana bali kwa sababu kanuni ya timu ilionekana kubadilika katikati ya mbio. Linganisha na Hungary 2024, walimwita Norris piti kabla ya Piastri aliyekuwa anaongoza, wakamwambia waziwazi atarudisha, akavutana nao raundi kibao, akarudisha ikiwa imebaki mizunguko michache, na Piastri akapata ushindi wake wa kwanza. Ilikera kutazama ila ilikuwa haki, kwa sababu anayeongoza ndo kwa kawaida anatangulia piti na timu ndo iliyoivuruga hiyo foleni.

Kwa hiyo mzazi, kifungu cha kijana wako. "Maelekezo ya timu wakati wote" ni pana mno, kinaweza kubeba hata Singapore. Waandike nani mwenye mamlaka ya kutoa amri, mtu mmoja, si kila mwenye headseti. Waandike amri ya kupishana itatolewa katika hali gani na ijulikane kwa madereva wote wawili kabla ya msimu. Waandike wazi kwamba hatalazimika kugonga, kumzuia dereva wa timu nyingine kinyume cha sheria, wala kusema uongo kwa wasimamizi, na akikataa hayo hajavunja mkataba. Halafu bonasi: akiachia ushindi kwa amri, analipwa kama mshindi au kama wa pili? Hii wanaisahau wengi mno, kijana anapisha Jumapili, mwisho wa mwezi anakuta pesa ya ushindi haipo na mkataba uko kimya.

Timu ikigoma kuandika hilo la kugonga na kudanganya, hapo ndo asisaini, hata wakisema ni utaratibu tu na haijawahi kutokea. Na huyo mshauri wa redio naomba umwepushe na mwanao, si kwenye hili peke yake. Watu hawa wanajaa siku hizi, wanajiita mameneja wa vipaji, leo wanafundisha kuzima redio, kesho watafundisha kupunguza uzito wa gari kinyume cha sheria au kubadilisha mafuta, na siku ya kusikilizwa kwa kesi hutawaona. Leseni itakayofungiwa ni ya mwanao. Mkataba apewe mwanasheria anayefanya mikataba ya michezo ausome wote, na kijana mwenyewe awepo pale mezani asikie kila kifungu kinamaanisha nini.