Bondia mpya, panga mapema jinsi utakavyotundika glavu

Vijana wanaoanza ngumi huuliza lini watapata pambano, watalipwa kiasi gani, na mkanda wa ubingwa unapatikanaje. Hakuna anayeuliza lini ataacha. Wanaliona kuwa swali la wazee. Mimi hulileta mapema, wakati mtu bado anajifunza kusimama na kurusha jab (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele), kwa sababu bingwa anayeondoka akiwa juu huwa amejiandaa kwa miaka mingi. Asiyejiandaa huondolewa na wengine, tena mbele ya watu.

Mashabiki hawaelewi inakuwaje mtu mwenye mkanda kiunoni aseme basi. Mwangalie Lennox Lewis, Mwingereza wa uzito wa juu. Juni 21, 2003 alipigana na Vitali Klitschko jijini Los Angeles. Klitschko aliitwa muda ukiwa umebaki mfupi, baada ya mpinzani wa awali kuumia. Lewis alipanda na kilo kama 116, uzito mkubwa kuliko wowote aliowahi kupanda nao ulingoni. Baada ya raundi ya 6 daktari akasimamisha pambano, kwa kuwa Klitschko alikuwa amechanika vibaya juu ya jicho. Lewis akashinda kwa TKO, yaani pambano kusimamishwa kabla ya muda, na kubaki na mkanda wake wa WBC, mojawapo ya mashirika ya ngumi duniani. Lakini kwenye karatasi za majaji, wote watatu walikuwa wamempa Klitschko uongozi wa alama 58 kwa 56. Watu wakataka marudiano, na fedha za marudiano hayo zingekuwa nyingi mno. Februari 2004 Lewis akatangaza kwamba amestaafu. Hajarudi mpaka leo.

Wapo waliosema amemkimbia Klitschko. Mimi naona alifanya jambo gumu ambalo mabondia wengi hawaliwezi: aliutazama ushindi wake mwenyewe na kuona kilichokuwa ndani yake.

Ushindi una hatari hiyo. Mwamuzi akishakuinua mkono, hakuna anayekuuliza umepigwa ngumi ngapi. Na kuna jambo la mwili ambalo kila mgeni wa mchezo huu anapaswa kulijua: kinachomwacha bondia kwanza ni miguu na wepesi wa macho. Uzito wa ngumi hubaki hadi mwisho. Ndiyo maana aliyeanza kushuka anaweza kuendelea kuwalaza watu kwa KO, yaani kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea, mwaka mzima au zaidi, na kila KO ikamfanya yeye, meneja na mtaa wake waamini kwamba hakuna kilichobadilika. Mazoezini ndiko ukweli unakoonekana mapema. Yule kijana wa sparing, mnayepigana naye kwa mazoezi, ambaye zamani hakukupata hata mara moja, sasa jab yake inafika. Unaiona ngumi ikija, dawa yake unaijua, lakini kichwa kinachelewa kuondoka. Siku moja mbaya isikutishe, kila bondia anazo. Hali hiyo ikidumu kambi nzima ya maandalizi ya pambano, na kambi inayofuata ikawa vilevile, hapo pana jambo.

Rocky Marciano, bingwa wa Marekani wa uzito wa juu, alitundika glavu Aprili 27, 1956. Alikuwa na miaka 32, mapambano 49, yote ameshinda, 43 kwa KO. Katika pambano lake la mwisho, Septemba 1955 pale Yankee Stadium, Archie Moore alimwangusha chini raundi ya 2 kabla yeye hajammaliza Moore raundi ya 9. Mgongo ulikuwa unamsumbua, na kambi zake ndefu zilimweka mbali na mke na binti yake. Hizo zilitosha kumwondoa. Ila ninayoipenda zaidi ni habari ya mwaka 1959. Ingemar Johansson wa Sweden alipochukua ubingwa wa uzito wa juu, Marciano alishawishika kurudi. Akaingia mazoezini kwa muda wa kama mwezi mmoja, akaupima mwili wake, akaacha. Hakusubiri kupigwa ulingoni ili ajue. Kwangu hilo ni tendo kubwa sawa na ushindi wake wowote.

Andre Ward wa Marekani naye aliondoka Septemba 2017 akiwa hajapoteza pambano hata moja kati ya 32, miezi mitatu baada ya kumshinda Sergey Kovalev kwa mara ya pili. Alieleza kwamba mwili hauhimili tena ugumu wa mchezo na kwamba hamu ya kupigana imekwisha. Vijana huidharau hii sababu ya hamu. Msiidharau. Bondia asiye na hamu bado ataamka alfajiri kukimbia, lakini atajipunguzia mzunguko mmoja. Atapiga begi bila kurudisha mkono kidevuni. Atakuja kupima uzito akiwa amejikausha kwa siku mbili badala ya kushuka polepole kwa wiki kadhaa. Hakuna atakayegundua, isipokuwa mpinzani wake.

Kuhusu kichwa sitazunguka. Tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa New Jersey alipoandika kuhusu mabondia wanaotembea na kuongea kama walevi bila kunywa, inajulikana kwamba makonde huharibu ubongo. Madhara yanajumlishwa, na ubongo hautofautishi ngumi ya pambano la ubingwa na ngumi ya sparing ya Jumatano. Kwa hiyo wewe unayeanza usikubali zile sparing za kila siku ambazo watu wanapigana kama wana ugomvi ili waliosimama pembeni washangilie. Unatumia bure akiba ambayo hairudishwi. Ukipigwa KO au kichwa kikizunguka, usirudi kwenye sparing hadi daktari akuone, hata kama pambano limeshatangazwa na mabango yamebandikwa.

Kenya ilimpoteza Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki wa Seoul mwaka 1988. Alifariki Las Vegas Julai 1994 kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata katika pambano. Alikuwa na miaka 26. Simtaji ili kuwatisha, namtaja kwa sababu ni wa kwetu na wengi wanaoingia jimu leo hawalijui jina lake.

Tafuta mtu mmoja ambaye ugali wake hautoki kwenye ngumi zako. Kocha analipwa ukipigana, meneja vivyo hivyo, promota ndiyo kabisa. Wanaweza kukupenda kwa dhati na bado wasiweze kukwambia ukweli. Muhammad Ali alikuwa na daktari kwenye kona yake, yaani watu wanaomhudumia bondia wakati wa pambano, Ferdie Pacheco, ambaye baada ya pambano na Earnie Shavers mwaka 1977 alionya kwamba figo za Ali zinaharibika na kwamba Ali anapaswa kuacha. Hakusikilizwa, akaondoka kambini. Oktoba 1980 Ali akapigwa na Larry Holmes raundi 10, bila kushinda hata moja, hadi kona yake ikasema yatosha. Hata baada ya hapo alipigana tena, Nassau huko Bahamas, Desemba 1981, akapoteza. Mtu wako huyo anaweza kuwa dada, mwalimu wako wa zamani, au bondia mstaafu asiyekudai kitu. Kubalianeni sasa, ukiwa na akili tulivu, ni dalili zipi zikionekana utamsikiliza bila ubishi.

Halafu fedha, maana wengi wanaorudi hawarudi kwa kupenda. Joe Louis wa Marekani alistaafu mwaka 1949 akiwa bingwa wa uzito wa juu, baada ya kuutetea ubingwa mara 25. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ametoa malipo ya mapambano mawili kwa mifuko ya misaada ya jeshi la majini na la nchi kavu. Deni la kodi lilimfuata hata hivyo, likamrudisha ulingoni. Ezzard Charles akamshinda mwaka 1950, na mwaka uliofuata Marciano, kijana aliyekuwa akimheshimu sana, akamtoa nje ya kamba kwa ngumi. Kwa hiyo malipo yako ya kwanza kabisa, hata yakiwa ya kununulia viatu tu, toa sehemu uiweke mahali ambapo huwezi kuichukua kwa hasira au kwa sifa. Uliza mapema nani analipa kodi na nani anatoa gharama za kambi, na soma mkataba kabla ya kutia saini. Kama una kazi ya ufundi au bodaboda, usiitupe kwa sababu umeshinda mapambano matatu.

Ndani ya ngumi pia mna kazi za baadaye, na muda wa kuzijifunza ni huu unapopigana. Mchezo unahitaji watu wanaojua kushika pedi, kufunga bandeji vizuri, kuzuia damu kwa dakika moja kati ya raundi, na kusimama katikati kama mwamuzi. Muombe kocha wako akuruhusu kukaa kona katika mapambano ya utangulizi ya wenzako, ujifunze kumsoma bondia aliyechoka ukiwa nje ya kamba. Ukishalijua hilo kwa mwenzako, utaanza kuliona na kwako.