Mvurugaji tunamtoa kwenye kundi, anarudi kwa namba nyingine. Tufanyeje?

SWALI: Nasimamia kundi la WhatsApp la mafundi wa simu, wanachama 640. Tunasaidiana michoro ya saketi, simu zilizoingia maji, vipuri na kadhalika. Kuna mtu anayevuruga kila mada. Mwenzetu akiuliza kuhusu simu isiyochaji, yeye anamcheka na kumwita "fundi wa bisibisi", watu wanamjibu, ugomvi unakula jumbe mia mbili na swali linasahauliwa. Nimemtoa mara mbili, amerudi kwa namba nyingine. Baadhi ya wanachama wananilaumu kwamba nawanyima watu uhuru wa kusema, na mafundi wazuri wanaondoka kimya kimya. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msimamizi, anza na mlango, kwa sababu huo unafungwa kwa dakika tano, na usipofungwa mengine yote ni kazi bure. Linki ya mwaliko ya kundi la WhatsApp haifi kwa kumtoa mtu. Inaendelea kufanya kazi kwa kila aliye nayo, akiwamo yeye mwenye laini mpya, mpaka msimamizi aibadilishe. Fungua taarifa za kundi, nenda kwenye linki ya mwaliko, uibadilishe. Ile ya zamani inakoma papo hapo. Kisha ingia kwenye ruhusa za kundi. Wanaoweza kuongeza wanachama wawe wasimamizi peke yao, na uwashe idhini ya wanachama wapya ili kila anayebonyeza linki asubiri mmoja wenu amkubali. Fanya yote matatu kwa pamoja. Ukibadilisha linki ukaacha idhini imezimwa, linki mpya itasambaa tena na mtakuwa pale pale. Na kila mwanachama akibaki na uwezo wa kuongeza watu, rafiki yake atajaribu kumwingiza.

Anayeomba kuingia mwandikie swali moja faraghani, swali ambalo mwenye kazi hii halimsumbui. Kwa mafundi wa simu linaweza kuwa: "Simu inaonyesha inachaji lakini asilimia haipandi. Ungeanza kupima nini?" Atakayetaja waya na chaja, ampea zinazoingia, soketi ya chaji au hali ya betri, wote wamejibu. Hutafuti jibu bora. Unatafuta mtu aliyekubali kutumia dakika moja kwa ajili ya kundi. Aliyekuja kuvuruga mara nyingi hukasirikia swali au hanyanyui hata kidole. Makundi ya Facebook yana sehemu yake ya kuweka maswali ya kujiunga, lakini kwenye WhatsApp kazi hii mnaifanya kwa mkono, na inalipa.

Sasa mtu mwenyewe. Kabla hujamwita mchokozi, mpime, kwa kuwa dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Kuna mwenye dukuduku la kweli analolisema vibaya: pengine aliuziwa kioo kibovu na mwanachama wenu na hakuna aliyemsikiliza. Huyu ukimwuliza faraghani "tatizo hasa ni nini?" atakueleza, na likitatuliwa anatulia. Kuna mjuaji, anayejua kazi kweli lakini hawezi kusahihisha bila kudharau; huyu anastahili kuokolewa, maana majibu yake yanahitajika. Kuna anayetangaza biashara kila mahali. Huyo hana siri, futa tangazo, mwonye, akirudia mtoe. Halafu kuna mchokozi halisi. Dalili zake ni hizi: ukimjibu swali lake halimwishi, anahamia lingine, ushahidi ukitolewa anadai mwingine, hoja ikimshinda anahamia kwa mtu, lafudhi yake, umri wake, makosa yake ya tahajia. Huyu hatafuti jibu, anatafuta mtu akasirike mbele za watu. Kwa maelezo yako, anayewacheka waulizaji tu bila kuchangia lolote yuko kwenye fungu hili, lakini angalia jumbe zake ishirini za mwisho kabla hujaamua. Ukikuta tano zenye msaada wa kweli, jaribu kumchukulia kama mjuaji kwanza.

Watu watakushauri mumpuuze, kwamba mchokozi asipojibiwa hufa njaa. Ushauri huo ni sahihi kwa chambo, yaani ujumbe uliotupwa ili watu wauparamie. Kwa mtu aliyeshambuliwa ni ushauri mbaya. Fundi mgeni akiitwa "fundi wa bisibisi" na kundi zima likanyamaza, kinachosomeka ni kwamba wote mnakubaliana na mtusi. Hao wanaoondoka kimya kimya ndiyo sababu yao, nadhani, kuliko ugomvi wenyewe. Kwa hiyo msimamizi hanyamazi. Anasema sentensi moja, halafu anajibu swali la aliyeshambuliwa:

"Lugha hiyo hairuhusiwi hapa, nimeufuta ujumbe. Turudi kwenye simu isiyochaji: umeshapima volti ya betri ikiwa imechomolewa?"

Ona kilichofanyika hapo. Hakuna jina la mchokozi, hakuna mjadala, na swali limerudi mezani lenyewe. Wengine wakilidaka, ugomvi hauna pa kukaa. Faraghani mwandikie aliyetukanwa pia, mistari miwili tu: umeliona, limeshughulikiwa, swali lake lilikuwa halali. Wasimamizi wengi hutumia saa nzima kwa mvurugaji na hawampi aliyeumizwa hata dakika moja.

Kuhusu kufuta: msimamizi wa WhatsApp anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwa wote, na kundi litaona kwamba umefutwa na msimamizi. Piga picha ya skrini kabla ya kufuta, ikionyesha namba, tarehe na saa. Bila picha hizo, wiki ijayo utakuwa na neno lako dhidi ya lake, na wanaokulaumu watakuwa na haki ya kuuliza. Kwenye Telegram orodha ya vitendo vya karibuni inaonyesha mambo ya saa 48 tu, kwa hiyo huko nako usitegemee kumbukumbu ya programu.

Jumbe mia mbili za ugomvi hazikuandikwa na mtu mmoja, na hapa ndipo penye uzito. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell, Marekani, walichapisha jaribio ambamo watu wa kawaida waliombwa kuchangia mjadala. Baadhi walitiwa kwanza katika hali mbaya ya moyo kwa kupewa maswali magumu, na baadhi walikuta maoni ya juu yameshajaa kejeli. Waliokuwa na hali nzuri na mjadala safi, asilimia 35 ya maoni yao yalihesabiwa kuwa ya kichokozi. Waliokuwa na vyote viwili vibaya, asilimia 68. Ujumbe wa kwanza mchafu uliobaki juu kwa saa mbili unawageuza watu wako wema wawe kama yeye. Ndiyo maana kasi ya kufuta ina maana kuliko ukali wa adhabu.

Ugomvi ukiwa umeshawaka, watu watano au sita wanarushiana maneno, usijaribu kuamua nani kaanza. Badilisha ruhusa ili wasimamizi peke yao waweze kutuma ujumbe, andika utafungua saa ngapi, na ufungue saa hiyo hiyo. Dakika thelathini mpaka saa moja hutosha mchana. Ukiwaka usiku, funga mpaka asubuhi. Kufunga siku mbili ni kosa: mwenye simu ya mteja mezani atatafuta msaada kwingine na hatarudi. Mkiwa Telegram, mnaweza kupunguza mwendo bila kufunga, kila mwanachama akasubiri muda mliouweka, hadi saa 1, kabla ya kutuma ujumbe mwingine. Dakika 5 huvunja ugomvi na bado mwenye swali anauliza.

Sheria. Naamini mnazo, na naamini ya kwanza inasema "tuheshimiane". Hiyo haimzuii mtu, kwa kuwa hakuna anayejiona hana heshima. Andika kinachoonekana kwa macho: kosoa kazi, usimtaje aliyeifanya, usimcheke anayeuliza jambo dogo, usijibu tusi, mtumie msimamizi faraghani, tangazo la biashara siku moja tu kwa wiki, usitume namba, picha au mazungumzo ya faraghani ya mtu bila ruhusa yake. Tano au sita zinatosha, zikizidi hazisomwi. Ziweke kwenye maelezo ya kundi, maana anayeingia leo haoni ulichokiandika mwezi jana katikati ya mazungumzo. Uzibandike juu pia. Ujumbe uliobandikwa WhatsApp hukaa saa 24, siku 7 au siku 30, kwa hiyo mmoja wenu awe na kazi ya kuubandika upya kila mwezi.

Kwa hao wanaosema sheria zinanyima uhuru, kuna jibu lililopimwa. Utafiti wa J. Nathan Matias uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwenye jumuiya ya sayansi ya Reddit, mtandao wa majadiliano, ulilinganisha mijadala iliyobandikwa sheria juu na isiyobandikwa. Palipobandikwa, uwezekano wa mgeni kufuata sheria uliongezeka kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na wageni waliochangia wakaongezeka kwa wastani wa asilimia 70. Sheria ikionekana mapema, watu walizungumza zaidi. Kinachonyamazisha watu katika kundi lako sasa ni hofu ya kuchekwa.

Ngazi ya adhabu iwe fupi na ijulikane: kosa la kwanza, ujumbe unafutwa na mhusika anaandikiwa faraghani, la pili ndani ya siku 30, anatolewa kwa wiki mbili, la tatu, hatarudi. WhatsApp haina adhabu ya muda inayojiendesha yenyewe, kwa hiyo tarehe ya kumrudisha iandikwe mahali. Discord, programu nyingine ya mazungumzo ya makundi, inayo, unaweza kumnyamazisha mtu hadi siku 28 akabaki anasoma. Ngazi hiyo haihusu vitisho, picha za utupu, kuanika anwani au familia ya mtu, wala kumwandama mwanachama faraghani. Hapo anatolewa mara moja. Tunza ushahidi, umshauri aliyelengwa aizuie namba hiyo na kuiripoti ndani ya programu. Kitisho cha kudhuru mwili kinapelekwa polisi na mwenye kutishwa, picha za skrini zikiwa kamili, na wewe ukiwa tayari kuwa shahidi.

Ujumbe wa faraghani uandike ukijua utapigwa picha na kurushwa kundini, maana mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Taja kitendo, sheria, na kitakachofuata, basi:

"Habari. Nimefuta ujumbe wako wa leo saa 8 mchana uliomwita mwenzetu 'fundi wa bisibisi'. Sheria ya 1 inasema tukosoe kazi, si mtu. Ukirudia ndani ya siku 30 utatoka kwa wiki mbili. Masahihisho yako ya kiufundi yanakaribishwa."

Atajibu kwa aya sita. Jibu mara moja, kwa kurudia kitendo na sheria, halafu acha. Tafiti zilizofanywa Reddit zimeonyesha kwamba anayeelezwa kwa nini chapisho lake limeondolewa hupungukiwa na uwezekano wa kuondolewa tena, kwa hiyo maelezo si kupoteza muda. Kubishana ndiko kunakopoteza.

Watu 640 hawasimamiwi na mmoja. Mnahitaji wanne au watano, wenye saa tofauti za kuwa mtandaoni, na kundi dogo la wasimamizi la kuwekea picha za skrini na maamuzi. Yeyote anaweza kufuta. Kumtoa mtu kukubaliwe na wawili. Na msimamizi aliyetukanwa mwenyewe asiamue kesi hiyo, hata kama haki iko upande wake. Malalamiko ya upendeleo huanzia hapo. Usichague msimamizi kwa sababu anaongea sana. Mtafute yule ambaye, mjadala ukichemka, hujibu swali la kiufundi na kuondoka.

Mkishamtoa mtu, tangazo liwe la sentensi mbili: ametolewa kwa kuvunja sheria fulani mara fulani, mwenye swali awaandikie wasimamizi. Kisha msiruhusu kundi kumjadili, kwa kuwa hayupo kujitetea na mjadala huo ni ugomvi ule ule bila yeye. Wachache wanaolaumu wape nafasi faraghani, na ukikuta wana hoja, kwa mfano kwamba rafiki yako alitukana akaachwa, rekebisha waziwazi.

Namba mpya ikitokea na mwenendo ule ule, inarukia mabishano ya zamani, inajua majina ya utani ya watu, inakosea maneno yale yale, usitangaze kwamba ni yeye. Ukikosea umemfukuza fundi asiye na hatia, na ukipatia umempa jukwaa. Hukumu ujumbe. Ujumbe ukivunja sheria, ngazi ya adhabu inaanza. Wasimamizi wawili wakiridhika kwa dalili kwamba ni aliyefungiwa moja kwa moja, atolewe bila hotuba na linki ibadilishwe tena. Akiomba mwenyewe kurudi baada ya adhabu ya muda, mrudisheni kwa tarehe mliyoahidi, akiwa ameandika faraghani kwamba ameisoma sheria ya 1, na mwezi wa kwanza msimamizi mmoja awe na jukumu la kusoma kila anachotuma.