Upepo unanichukulia udongo?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nina ekari 12 Kongwa, nalima alizeti na mtama. Mwaka juzi niling'oa minyaa ya mpakani ili trekta lipate pa kugeukia. Sasa kuanzia Agosti vumbi linatimka mpaka hatuonani. Jirani ananiambia hilo ni vumbi la kawaida la Dodoma. Nitajuaje kama udongo wangu kweli unaondoka? – *Mkulima, Kongwa*

JIBU: Marahaba. Jirani yako anatazama juu, wewe tazama chini. Sehemu kubwa ya udongo unaohamishwa na upepo haipandi angani, huenda ikirukaruka chini ya magoti, na kila punje ikitua inazitimua nyingine. Vaa kaptula, simama katikati ya shamba upepo ukivuma. Ukisikia miguu inachomwachomwa, kazi imeshaanza.

Halafu nenda upande wa magharibi, maana upepo wa kiangazi huko kwenu hutoka mashariki na kusini-mashariki. Fukua mchanga uliojikusanya kwenye mashina ya vichaka. Utaukuta mkavu, wa chengachenga, hauna rutuba. Ile laini yenye mbolea imeshavuka mpaka.

Sasa pima. Chota udongo mkavu wa juu kabisa, usichimbe, uuchekeche taratibu kwa chekeche ya matundu ya milimita moja hivi, bila kuyaponda mabonge. Ukipita zaidi ya nusu, mimi nauhesabu uko hatarini. Udongo mwekundu wa Kongwa ukikauka bila kuguswa huwa mgumu kama sakafu. Waulize waliovunja majembe kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Ni haro, chombo cha trekta cha kuvunja mabonge, na kwato za ng'ombe zinazousaga ukawa unga. Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: nani anachunga shambani kwako baada ya mavuno, na trekta linaingia mwezi gani?

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kamba. Chukua kamba ya mita 10, ifunge fundo kila sentimita 10, uilaze kukata mistari ya mazao kwa mshazari. Hesabu mafundo yaliyogusa bua au majani. Rudia sehemu kadhaa. Yakipungua 30 kati ya 100, shamba liko uchi. Hili ndilo la kulishughulikia kwanza, kabla ya miti. Acha mabua ya mtama yamesimama, hata kama wafugaji wanayatolea bei nzuri. (Kuberega, yaani kufyeka na kuchoma mabaki kisha kupanda bila kulima, tulikupiga vita miaka mingi. Kosa kubwa naona lilikuwa kiberiti, si kule kutolima.)

Minyaa irudi, ila usiitegemee peke yake. Ua hukinga kwa umbali wa kama mara 10 ya kimo chake, kwa hiyo minyaa ya mita 3 itakulindia mita 30, na ekari 12 zikiwa mraba zina upande wa mita 220 hivi. Panda mistari mingine ndani ya shamba, ikate njia ya upepo, na uache mapengo ya trekta. Ukikata vipandikizi, utomvu usikuingie machoni.

Haro isiingie Septemba. Ngoja mvua ya kwanza ilowanishe ardhi, hata kama mwenye trekta anakuambia foleni itakuwa ndefu.