Mito Jirani Si Lazima Iwe Ndugu

Wiki jana mwanafunzi mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Habari injinia. Nina vipimo vya mto Njoro na nataka kukadiria maji ya mto jirani wa Makalia. Je, nizidishe tu kwa uwiano wa ukubwa wa mabonde?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Hesabu hiyo hiyo niliwahi kuipiga mimi: bonde, yaani eneo lote linalopeleka maji mtoni, likiwa kubwa mara mbili, unahesabu maji mara mbili.

Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nikapewa kazi ya kupima maji ya mradi wa kijiji kwenye uwanda wa Kano, si mbali na Ahero. Kijito chenyewe hakikuwa na kituo cha kupimia. Nikachukua kumbukumbu za kituo kilicho juu, upande wa vilima vya Nandi, nikazidisha, nikaandika ripoti. Bonde ni lile lile la Nyando, kanda ya kusimamia maji ni ile ile ya Ziwa Victoria Kusini. Sikuona la kuuliza.

Tenki likajengwa, mabomba yakafukiwa, mbuzi akachinjwa siku ya uzinduzi. Februari maji yakakatika. Nilipofika nilikuta akina mama wamechimba shimo katikati ya mto. Mmoja alichota kwa kikombe cha bati, akamimina mtungini, akangoja mchanga utulie, akachota tena. Akanitazama na kuniuliza, "Injinia, wewe ulikuja hapa mwezi gani?"

Nilikuwa nimekuja Mei.

Swali hilo linaniuma hadi leo. Kule Nandi mvua hainyimi miezi mingi, na udongo mwekundu wenye kina huyanywa maji na kuyaachia taratibu hadi kiangazi. Kano ina udongo mweusi wa mfinyanzi: mvua ikipiga maji hufurika juu, yakishapita mto umekwisha.

Nikaanza upya. Zile kanda sita za kusimamia maji nchini niliziacha kando, maana zilichorwa kwa kazi nyingine. Nikapanga mabonde kwa mvua, mwinuko, udongo na misitu. Mabonde ya juu ya mito Sondu na Yala yakaangukia kundi moja, ingawa Sondu iko kanda ya Ziwa Victoria Kusini na Yala iko ya Ziwa Victoria Kaskazini. Kila kundi nililipitisha kwenye kipimo cha H cha wanatakwimu Hosking na Wallis, kinachoonyesha kama mabonde ya kundi yanafanana kweli: chini ya 1 naendelea, ikifika 2 navunja na kupanga tena. Tangu siku hizo hakuna kijito nilichokikadiria kilichoniaibisha, na najivunia hilo.

Basi ninyi mnaotaka kuwa wahandisi wa maji, tembeeni. Msikope vipimo vya mto ambao hamjaukanyaga. Nendeni Februari. Narudia: Februari, si Mei.

Na wewe kijana wa Nakuru, Njoro na Makalia yote miwili inatoka Mau kuelekea Ziwa Nakuru, lakini miamba ya Bonde la Ufa ina nyufa zinazomeza maji njiani. Kabla ya kuzidisha chochote, ufuate mto kwa miguu uone maji yanapotelea wapi. Ukimkuta mama anachota, mwamkie, kisha muulize ni mwezi gani huwa anaanza kuchimba.